Tshiamala Alivyojifunza Kukaa Nyumbani

Watu wa barabara walimjua Tshiamala kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kuanzia Kolwezi hadi mpakani Kasumbalesa, penye foleni ndefu za malori ya shaba, hukukosa dereva aliyeweza kuiga namna yake ya kuita kwenye kizuizi: mwito mmoja mrefu, utokao kifuani, na walinzi wakainua mti huku wakicheka. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye mabega yaliyozoea usukani mkubwa. Mzigo wa shaba hausamehe kosa, naye kwa miaka yake yote barabarani hakuwahi kuuangusha. Hilo alilijivunia kuliko kitu kingine chochote.

Nyumbani kwake kulikuwa Kapata, katika zile safu za nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Moja alipewa babu yake aliyetoka Kasai, na ikabaki ya ukoo. Humo Tshiamala alikuwa mgeni apendwaye. Alifika na mikate, machungwa na biskuti za Zambia, akaoga, akala bukari, ugali wa kwao, na samaki, akalala mchana kutwa. Kesho yake alfajiri aliondoka akinyata.

"Usimuamushe mutoto," alikuwa akimwambia mkewe, Jocelyne. "Akiona ninaenda, atalia."

Kwa hiyo binti yao wa pekee, Elise, alizoea kulala baba yupo na kuamka baba hayupo. Alilia vilevile, ila baba hakuwepo kusikia.

Kisha ikaja siku ya ajali. Kilikuwa kiangazi, vumbi la barabara ya Mutoshi limetanda kama ukungu mwekundu, na kutoka ndani ya vumbi hilo akachomoza mtu wa baiskeli aliyebeba magunia ya makaa mpaka kichwa hakionekani. Tshiamala alikata usukani. Mtu wa baiskeli akapita salama na magunia yake. Lori likaingia mtaroni, likalala ubavu, na chumba cha dereva kikabonyea vibaya upande mmoja.

Habari ya ajali ina mbio kuliko gari lolote. Kabla hawajamtoa mle ndani, mtu fulani aliyeona chumba kile alikuwa ameshapiga simu Kapata: dereva amekufa. Wanawake wakakusanyika uani kwa Jocelyne, vitenge vimefungwa kiunoni, mabenchi yakaletwa kutoka kanisani, kilio kikaanza. Kiliendelea hadi jua lilipoanza kushuka, ndipo simu nyingine ikaja kutoka hospitali: yuko hai, mguu umevunjika vibaya, lakini anaongea. Kilio kikageuka vigelegele.

Baadaye, walipomtembelea kitandani, walimsimulia kisa hicho kwa kicheko.

"Tata, baba yetu, tulishakulilia!" alisema René, jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma. "Mutu mwenye kuliliwa akiwa muzima, huyo atazeeka mupaka atachoka."

Tshiamala naye alicheka, ingawa mbavu zilimuuma. Katika masimulizi yote hayo hakuna aliyemtaja Elise.

Alipotoka hospitali mvua zilikuwa zimeanza. Alirudi amekonda, ndevu zimemjaa uso, anatembea kwa magongo mawili. Mwenye malori alikuja kumpa pole na kumwambia apumzike kwanza. Lori jingine lilipopatikana, likapewa dereva mwingine. Tshiamala hakumlaumu. Lori halisubiri mguu upone. Jocelyne alikuwa na meza yake sokoni, akiuza unga wa muhogo na samaki wakavu, na sasa yeye ndiye aliyetoka nyumbani alfajiri. Hivyo, kwa mara ya kwanza tangu aoe, Tshiamala alibaki nyumbani mchana pamoja na binti yake.

Elise alikuwa karibu kutimiza miaka mitano. Asubuhi alikwenda maternelle, shule ya watoto wadogo iliyo karibu na kanisa. Kabla ya chakula cha mchana Mama Mushiya, jirani, alimrudisha pamoja na watoto wake. Kuanzia hapo hadi jioni walikuwa wawili tu: baba na magongo yake, na mtoto anayekaa mbali kadiri nyumba ile ndogo ilivyoruhusu. Akisikia magongo yakigonga sementi, alijibanza nyuma ya mlango. Akiitwa, alikuja, alisimama, alitazama chini. Chakula alichopewa alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu nyingi, kama mtoto anavyopokea kitu kwa mtu asiyemjua.

Tshiamala alijiambia kwamba mtoto amelelewa na wanawake watupu, ndiyo maana hana moyo. Tena aliambiwa kwamba wenzake maternelle wanaanza kuzijua herufi, ila Elise hasemi hata jina lake. Basi akaona dawa anayo. Alichukua kipande cha makaa, akaandika ukutani herufi kubwa kama zile zinazoandikwa ubavuni mwa lori, akamsimamisha mtoto mbele yake.

"Hii ni nini?"

Elise aliangalia vidole vya miguu yake.

"Elise! Hii ni nini?"

"A," mtoto alisema, sauti ikiishia midomoni.

"Sema na nguvu! Uko kwenye masomo ao uko kwenye kilio?"

Ile sauti iliyokuwa ikiinua vizuizi vya barabarani ilijaa chumba chote, ikagonga bati na kurudi. Baba akauliza tena, na tena, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka maji yakamtiririka mtoto miguuni na kufanya dimbwi juu ya sementi. Tshiamala aliliona dimbwi lile, akaingiwa na aibu, na kwa kuwa hakujua aibu hiyo aipeleke wapi, akaigeuza hasira. Alikuwa bado anafoka Jocelyne alipoingia na beseni kichwani. Mvua ilikuwa imevunja soko mapema.

Jocelyne alitua beseni, akamchukua mtoto, akamwosha, akambadilisha nguo, akamlaza. Ndipo akarudi, akafuta sakafu, na alipomaliza akabaki amechutama, kitambaa mkononi.

"Tata Elise, unamufundisha ao unamuogopesha?"

"Namufundisha. Baba yangu alinifundishaka vile."

"Na ulijuaka kusoma?"

"Nilijuaka."

"Na baba yako, ulikuwa unamukaribia?"

Tshiamala aligeukia mlango. Marehemu baba yake alikuwa mtu mwema, mchapakazi, hakuna aliyemsema vibaya pale Kapata. Lakini alipojaribu kumkumbuka, kilichomjia kwanza ni viatu: viatu vya kazi vyenye matope mekundu, vikipita mlangoni, na yeye mtoto akitazama chini mpaka vimepita.

"Mutoto haiko kamyo yako ya shaba," Jocelyne alisema akiinuka. "Hautamusukuma na nguvu ya moteur."

Siku chache baadaye Tshiamala alijikokota mwenyewe hadi shuleni. Mwalimu wa wadogo alikuwa Madame Mado, mwanamke wa Katanga ya kaskazini, mnene, mcheshi, aliyezoea kukaa kwenye viti vidogo kuliko yeye. Tshiamala alitegemea kuambiwa kwamba mtoto wake ni mvivu ama mgonjwa. Hakuambiwa hivyo.

"Elise hakatae kujifunza, Tata," alisema Madame Mado. "Kichwa yake iko na kazi ingine. Mi sijue ni kazi gani. Kule nyumbani anachezaka nini?"

"Kucheza?" Tshiamala alikuwa hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo. "Sijue. Sijaangalia."

"Basi uangalie. Mbele ya kumufundisha, umuangalie kwanza. Usimuulize, usimukataze. Na kama hautaona kintu, urudi, tutatafuta njia ingine. Mi siko munganga."

Tshiamala alirudi nyumbani akiwa na mashaka. Mtu mzima kukaa dirishani kumchungulia mtoto akicheza, hiyo nayo ni kazi? Lakini hakuwa na kazi nyingine. Mchana ule, Elise alipotoka kwenda nyuma ya nyumba, karibu na jiko la nje, baba alivuta kiti hadi dirishani, akatulia.

Mtoto alikuwa na kopo la samaki, limefungwa kamba, na vifuniko vya chupa vikiwa magurudumu. Alilivuta polepole juu ya udongo, akinguruma kwa ndani kama injini inayopanda kilima. Alifika mahali fulani, akasimama, akalipindua. Akalifukia kwa udongo, akapigapiga juu kwa kiganja. Kisha akajifunga kitambaa kiunoni, akakaa chini miguu imenyooka mbele kama wanawake wakaavyo matangani, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia. Alilia bila sauti, kinywa wazi, mwili ukienda mbele na nyuma. Baadaye akafukua kopo, akalipangusa, akaanza safari upya.

Tshiamala alilitambua lori lake. Hasira ikampanda. Nani amemfundisha mtoto huyu kufanyia mchezo ajali yangu? Alinyakua magongo, akatoka kwa mlango wa nyuma, amekusudia kulichukua kopo lile na kulitupa mbali. Pale kizingitini akauona uso wa Elise kwa karibu. Hapakuwa na mzaha katika uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini, kama fundi anayefungua mashine ileile kwa mara nyingi akitafuta mahali ilipoharibikia.

Aliegemeza magongo ukutani. Kushuka chini ilikuwa taabu. Mguu ulikuwa haukunjiki, ilimbidi ajiteremshe kwa mikono, mgongo ukisugua ukuta, mpaka akakaa udongoni na mguu wake mbovu umetoka mbele kama mti. Elise alikuwa ameganda, kopo kifuani, akingoja kunyang'anywa.

"Kamyo yako inaenda wapi?" Tshiamala aliuliza. Alishangaa kusikia kwamba ana sauti ndogo pia.

Mtoto alitazama kopo lake. "Kasumbalesa."

"Na imepinduka."

Elise aliitika kwa kichwa.

"Dereva yake iko wapi?"

"Alikufa."

"Alikufa?"

"Balimulilia," alisema Elise, na maneno sasa yakaanza kutoka kama maji yaliyozuiliwa. "Mama alianguka kwa mulango. Bamama bote balikuya, balilia jina yake. Mi banipeleka kwa Mama Mushiya, bakafunga mulango, lakini kwa dirisha nilisikia."

"Jina yake ni nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka hospitali, mtoto alimtazama usoni. "Papa Tshiamala."

Jogoo wa jirani alipita akichakura. Tshiamala alijigusa kifuani.

"Na mi?" aliuliza. "Mi ni nani?"

Elise alizikagua zile ndevu, mashavu yaliyobonyea, magongo pale ukutani. "Wewe ni ule wa hospitali," alisema kwa upole, kama anayeogopa kumuumiza mtu. "Mama alisema nikuite Papa."

Hapo ndipo Tshiamala alipokielewa kile kisa alichosimuliwa kwa kicheko. Simu ya pili ilipokuja na vigelegele kupigwa, Elise alikuwa bado amefungiwa kwa jirani. Jocelyne alikimbilia hospitali vilevile alivyokuwa, na mtoto akapelekwa mjini kwa shangazi hadi mambo yatulie. Kila mtu mzima alijua kwamba kifo kile kilikuwa uongo. Kila mtu alidhani mwingine amemwambia, ama kwamba mtoto mdogo vile hajui kitu. Basi Elise alikuwa amemzika baba yake peke yake, na kumzika tena kila siku nyuma ya nyumba, huku ndani mgeni mwenye ndevu akimfokea amsomee herufi.

Alitaka kupiga kelele: mimi ndiye! Alitaka kumkumbatia kwa nguvu zake zote. Lakini alikumbuka dimbwi juu ya sementi, akajizuia. Alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Niazime kamyo yako. Nikuonyeshe vile ilikuwa."

Elise akampa. Tshiamala alichora barabara kwa kidole. Alichukua kifuniko cha chupa, akakisimamisha: huyu ni mtu wa baiskeli, ana makaa, haoni. Akaleta kopo likinguruma. Akalikata upande, likaanguka. Kifuniko cha chupa kikaendelea na safari.

"Dereva alikuwa mule ndani," alisema. "Mulango ulikataa kufunguka. Batu bakapita inje, bakaona damu, bakasema amekufa. Lakini hakukufa. Alikuwa anaita."

"Aliita nani?"

"Mama yake."

"Aliogopa?"

Katika maisha yake yote Tshiamala hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu, wala hakuwahi kulitamka jibu. "Aliogopa sana. Alilia."

"Na sauti?"

"Na sauti."

Elise alilitafakari jambo hilo, akataka kujua sababu. "Na juu ya nini hakukufa?"

"Sijue, mwana yangu. Batu balikuya na machuma, bakafungua, bakanikuta niko muzima."

Alisema *bakanikuta*, wakanikuta mimi, na mtoto akaisikia. Alisogea kidogo. Aliomba kuuona mguu. Tshiamala alikunja suruali, na Elise akaufuata mshono wa kovu kwa ncha ya kidole, kutoka goti hadi chini, bila haraka. Hakujitupa kifuani mwa baba yake, wala hakulia. Alisema tu: "Ndevu zako ni mingi."

Jioni hiyo, Jocelyne aliporudi, mumewe alimweleza yote. Jocelyne alikaa juu ya gunia la unga. "Nilizani alijua," alirudia. "Mama wee. Kila mutu alijua, mi nikazani naye alijua." Tshiamala aliomba wembe na maji. Hakujifungia kunyoa, alimwita Elise aje ashike kioo, aone kwa macho yake jinsi uso mmoja unavyotoka ndani ya mwingine. Povu liliondoka, ndevu zikaanguka, na kila kipande cha shavu kilipojitokeza mtoto alisogeza kioo apate kuona zaidi. Mwishowe alikiweka chini, akakimbia chumbani, akarudi na picha ya harusi iliyokuwa kwenye fremu. Alitazama picha, akatazama uso. Akagusa kishimo cha kidevu, kwanza pichani, kisha usoni.

"Iko hapa," alisema. "Na hapa iko."

"Ni mi," Tshiamala alisema.

"Ni wewe," Elise akakubali.

Ingependeza kusema kwamba kuanzia siku hiyo mambo yote yalinyooka, lakini moyo wa mtoto haunyooki kwa siku moja, wala wa baba yake. Elise aliendelea kukojoa kitandani kwa miezi. Kulikuwa na siku alizoamka na kumtazama baba kwa wasiwasi, kana kwamba uso umebadilika tena usiku. Na kulikuwa na siku ile alipomwaga unga wa kuuza, bakuli zima, na sauti ya barabarani ikamtoka Tshiamala kabla hajaikamata. Mtoto akatoweka nyuma ya mlango.

Tshiamala alifika pale mlangoni, akajiteremsha chini upande wa pili.

"Elise. Unga ulimwangika, ni kweli, na tutaokota. Lakini mi nimekosa. Sauti yangu ilikimbia mbele yangu. Unisamehe."

René alikuwa amesimama uani, amekuja kuazima nyundo, akasikia yote. Alisubiri mwenziwe atoke.

"Tata muzima unaomba mutoto samahani?" alisema. "Kesho atakupanda kwa kichwa."

"Nikigonga gari ya mutu barabarani, sitaomba samahani?"

"Utaomba."

"Basi. Na huyu ni mutu."

René aliondoka akitikisa kichwa, na kwa muda pale Kapata walikuwa na la kuzungumza: yule Tshiamala wa malori siku hizi anakaa mavumbini na kopo la samaki. Maneno hayo yalimfikia. Yalimchoma zaidi ya alivyokubali kuonyesha. Lakini alikuwa ameanza kuona kitu ambacho wasemaji hawakukiona.

Uani alikuwa amepanga mawe, na kila jiwe lilikuwa mji wa barabara yake ya zamani. Hapa Kolwezi, pale daraja la Lualaba, kule Fungurume, Likasi, Lubumbashi, hadi mpakani. Mbele ya kila jiwe aliandika herufi ya kwanza ya mji kwa kijiti. Elise ndiye aliyekuwa mlinzi wa vizuizi vyote. Dereva akifika na kopo lake, ilimpasa aulize kwa heshima: "Mama mulinzi, hapa ni wapi?" Naye Elise alitazama herufi, akasema, "Hapa ni F, hapa ni Fungurume, upite." Wakati mwingine aliikosea makusudi ili baba alalamike. Mara nyingi alikataa kabisa kuinua kijiti cha kizuizi, na dereva yule mkubwa alingoja juani mpaka mlinzi aridhike. Hakuna kitu kilichomfurahisha mtoto kama kuwa na mamlaka ya kusema hapana.

Siku moja wakiwa njiani kwenda sokoni kwa mama yake, Elise alisimama mbele ya ukuta wa duka, akanyoosha kidole. "Papa! L ya Likasi! Juu ya nini iko hapa?" Tshiamala alicheka hadi watu wakageuka. Walikaa mbele ya ukuta ule wakitafuta miji mingine, mpaka samaki wa Jocelyne walipokuwa wamekwisha kuuzwa.

Kuhesabu walikufanya kwa viazi vya chakula cha jioni. Rangi walizipata kwenye vitenge vya wapita njia. Tshiamala alimsimulia hadithi za wanyama alizosikia kwa mama yake kwa Kiluba, akizisahau katikati na kuzimalizia kwa kubuni. Elise alizikumbuka kama zilivyobuniwa na kumkosoa akizibadilisha. Na kabla ya kula waliulizana kilichowafurahisha siku hiyo, na kilichowatia hofu. Mwanzoni ni Elise tu aliyejibu swali la hofu. Baadaye baba naye alijibu. Kisha Jocelyne. Mama huyo aligundua kwamba alikuwa na mengi ya kusema.

Madame Mado aliwaita karibu na Pasaka. Alisema Elise ameanza kuzungumza darasani, na kwamba sasa tatizo ni kumnyamazisha.

Mguu haukurudi vizuri kiasi cha kukanyaga klachi ya lori kubwa. Tshiamala aliupokea ukweli huo kwa machungu, na kuna wiki nzima alizokaa bila kutaka kusikia injini ikipita. Hatimaye alipata kazi ya kusimamia uwanja wa kuegesha malori, nje kidogo ya mji: kupanga nani aingie, nani atoke. Asubuhi ya kwanza ya kazi, alfajiri, alivaa viatu akiwa amekaa kitandani, na mazoea ya zamani yakamwambia anyate. Badala yake alikwenda kumwamsha Elise.

"Ninaenda kazi. Jua likifika juu ya nyumba ya René, nitarudi."

Elise alilia. Alilia sana, ameshika shati. Tshiamala hakumwambia nyamaza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono mgongoni mwa mtoto, akangoja kilio kile kifike mwisho wake chenyewe. Alichelewa kazini siku ya kwanza. Alirudi jua lilipofika juu ya nyumba ya René.

Kiangazi kilichofuata, simu ililia kutoka Kisenge. Mama yake Jocelyne, Kaku Mianda, bibi ambaye kila mwaka alimletea Elise karanga na kumsuka nywele, alikuwa amefariki. Nyumba ikajaa tena. Mkeka ukatandikwa, vitenge vikafungwa, na shangazi mkubwa wa Jocelyne akashika uongozi wa mambo kama inavyostahili.

"Batoto baende kwa majirani," aliamuru. "Na huyu Elise, mumwambie Kaku amesafiri."

"Hapana, Mama," alisema Tshiamala.

Shangazi alimgeukia. Mkwe hakatai neno la mkubwa mbele za watu, naye Tshiamala alilijua hilo. Aliinamisha kichwa aliposema. "Munisamehe, Mama. Huyu nitamwambia mi mwenyewe."

Alimpeleka Elise chumbani, wakaketi juu ya kitanda. Kilio kilikuwa kimeshaanza nje, na mtoto alikuwa ameshaukunja uso.

"Kaku Mianda amekufa," Tshiamala alimwambia. "Alikuwa mugonjwa, mwili wake ulichoka. Ndiyo ile unasikia banalia."

Elise alimtazama usoni, macho yakipita kutoka jicho moja hadi jingine. "Amekufa ya kweli, ao sawa vile wewe?"

"Ya kweli. Mi walinikosea. Kaku hawakumukosea."

"Hatarudi kunisuka?"

"Hatarudi, mwana yangu."

Kilio kikamtoka mtoto, kwa sauti, sauti kubwa ambayo baba yake hakujua kwamba anayo, na huenda aliirithi kwake. Tshiamala alimpakata. Yeye mwenyewe alilia, kwa maana alimpenda mama mkwe wake. Walipotulia kidogo, Elise alijipangusa kwa mkono, akashuka kitandani.

"Mama iko wapi?"

"Kwa mukeka."

Alikwenda. Alipenya katikati ya wanawake, akaruka miguu iliyonyooshwa, mpaka akamfikia mama yake na kuingia mapajani mwake. Shangazi mkubwa alinyoosha mkono amwondoe. Jocelyne, macho yamefumbwa, alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, akaendelea kulia pamoja naye, na shangazi akaurudisha mkono wake taratibu.

Tshiamala aliwatazama kutoka mlangoni. Kisha René alimwita kutoka barabarani, mabenchi ya kanisa yamefika, nani ayashushe? Akachukua gongo lake, akatoka kwenda kusaidia.